Rubondo na upepo wake
Jamani, Ziwa Victoria likichafuka halina adabu. Boti kutoka Nkome ilirushwa na mawimbi mpaka chai ya asubuhi ikataka kurudi, na upepo ukaondoka na kofia yangu. Tulipofika kisiwani Rubondo, kimya. Nzohe mmoja, yule swala wa majimaji, kasimama kwenye mafunjo, maji magotini, kwato zake ndefu zimetanuka asizame topeni, ananitazama kama namdai. Juu furukombe analia. Sokwe sikuwaona, niliwasikia tu kwa mbali. Wazee wao waliletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa, wakaachiwa msituni. Wajukuu siku ile hawakutaka kuonana na mtu, na siwalaumu. Wakati wa kurudi nilishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Kofia bado inaniuma.