Siku milingi ilipokereza

Kasha la gia lililetwa karakana shingo yake ikiwa imelika. Ilikuwa shingo ya chuma cha kalibu, kipenyo milimita 60, inayovaa beringi kwa nje, na beringi ilizunguka juu yake mpaka ikachimba mfereji. Kwenye leti, mashine inayozungusha kazi huku kisu kikikereza, haliingii: pana mno, tena zito upande mmoja. Wengine walishaanza kutaja kulehemu. Kulehemu kalibu sikupendi hata leo; hupasuka palepale kando ya mshono.

"Kazi ikigoma kuzunguka, kizunguke kisu," akasema mzee aliyenifundisha ufundi.

Tukalifunga kwenye meza ya milingi, mashine ambayo kisu ndicho huzunguka, shingo ikitazama juu. Mzee akafunga saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha tofauti ndogo, kwenye spindeli, mhimili unaozungusha kisu, akaizungusha kwa mkono kuzunguka mzizi wa shingo, mahali ambapo beringi haikufika, huku akisogeza meza kidogo kidogo hadi mshale ukatulia. Akakaza meza pande zote. "Hiyo asiiguse mtu."

Ikafuata boringi hedi, kichwa kinachoshika kisu pembeni mwa kitovu, ileile ya kupanulia matundu. Mwenzangu akashauri tugeuze kisu makali yatazame ndani, halafu spindeli izunguke kinyume. Kukata kingekata, lakini hedi yetu ilishikwa na shina lake kwa nyuzi za skrubu. Ukiirudisha nyuma huku inakula chuma, inajifungua yenyewe. Mzee akaenda kunoa kisu kingine, makali ndani, uso wa kukatia ukifuata mzunguko wa kawaida.

Mwendo tuliushusha hadi mizunguko 130 hivi kwa dakika, maana kisu kikikaa mbali na kitovu mashine nzima hutikisika. Kilichonisumbua kichwa ni hesabu. Kwenye tundu unasukuma kisu nje. Hapa unakivuta ndani, na kila milimita 0.05 ya hedi ile ilipunguza 0.1 ya kipenyo. Vumbi jeusi la kalibu likatujaa puani.

Shingo ikafika 54. Bushi, pete ya chuma ya kuvika shingo, nikaichonga kwenye leti, tundu lake 53.95, unene wa ziada nje. Tukaipasha moto, ikashuka yenyewe, ikapoa na kung'ang'ania. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini meza haikuguswa: hedi ileile, kitovu kilekile, tukaikereza bushi hadi mikromita ikasoma 60.01. Beringi mpya ikaingia kwa kugongwa kidogo kidogo na kipande cha shaba.