Mngojane

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii nimeianza mara mbili nikaifuta. Nilikusudia kuwaandikia juu ya Zaburi ya 128, wale wana walio kama miche ya mizeituni wakiizunguka meza, na nilikuwa na maneno mazuri ya kuwafundisha. Lakini kila nikishika kalamu narudishwa jikoni kwangu. Basi nianzie huko.

Mama mkwe wangu alishuka Jumatatu kutoka Kasulu kwa ajili ya macho yake. Jioni nikapika ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaushwa, nikauunga kwa mawese na nyanya chungu. Nikapakua kama tulivyozoea siku hizi. Cha baba watoto nikakitia kwenye hotpoti, nikafunika, nikaiacha mezani. Kijana wangu mkubwa akachukua sahani yake akaingia nayo chumbani, simu mkononi. Wadogo wakala mbele ya televisheni. Mimi nikala nimesimama, huku natonga matonge, huku nakosha sufuria. Mama nikamwandalia chake mkekani, nikamnawisha, nikamwambia, "Karibu chakula, Mama," nikaenda kuogesha watoto.

Saa nne usiku nilipotoka kuzima taa nikamkuta ameketi palepale. Sahani haijaguswa, ameifunika kwa kawa.

"Mama, chakula hakikukupendeza?"

"Kizuri, mwanangu. Nawangoja wenzangu."

Naungama mbele yenu kwamba nilikasirika. Niliona ananisema. Nikajitetea moyoni: mimi nimeamka alfajiri, nimepika, nimepakua, hakuna aliyelala njaa katika nyumba hii, sasa kosa langu liko wapi? Nikalala nimenuna. Ila usingizi haukuja, na lililonijia badala yake ni neno moja la Paulo kwa Wakorintho: "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane." Nimelisikia kila tunaposhiriki Meza ya Bwana. Sikuwahi kulisikia likisemwa juu ya hotpoti yangu.

Nimezaliwa Mwanga, hapahapa Kigoma, na baba alikuwa mtu wa reli, kazi yake kupanga mabehewa stesheni. Watu wa rika langu wanajua treni ya miaka hiyo. Ikitoka Dar es Salaam inafika Tabora, mabehewa ya Mwanza yanakatwa yaende zake, na yetu yanaendelea kuja, Uvinza, Kazuramimba, Kandaga, Luiche, mpaka reli inapoishia ziwani. Treni ikichelewa Tabora, baba naye amechelewa. Mvua ikila tuta huko njiani, amechelewa zaidi. Na baba akichelewa, chungu hakifunuliwi.

Jumamosi mama alipika ndizi na maharage katika chungu kimoja. Maharage yalitangulia tangu mchana, yakichemka kwa kuni kwenye mafiga mpaka yakaribie kuiva. Sisi tukamenya ndizi, mikono tumeipaka mawese ili utomvu usitugande. Ndizi zikapangwa juu ya maharage, kitunguu, chumvi ya Uvinza, mawese yakamiminwa mwisho, mekundu, kisha jani la mgomba, kisha kifuniko. Mama akaondoa kuni akabakiza makaa tu. Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Kadiri tulivyongoja ndivyo maharage yalivyozidi kunywa mawese, na ndizi za chini zikashika kidogo. Ukoko ule tuliugombania. Mpaka leo nikiugua au nikiwa na huzuni, ni chakula kile ninachokitamani wala si kingine. Nimekipika mara nyingi kwa sufuria na gesi. Ladha inakaribia, haifiki.

Sisemi kwamba tulingoja kwa furaha. Njaa iliuma. Mdogo wangu alikuwa akilia mpaka analala, na mama alimpa kiazi cha kuchoma ashikize tumbo, lakini chungu hakukigusa. Mwisho tukasikia honi kutoka stesheni, na baada ya muda mrefu sana, hatua za baba uani. Mama akatuamsha tuliosinzia, mmoja mmoja, akitushika bega. "Amka ule." Nilipokuja kusoma 1 Wafalme 19, Eliya amelala chini ya mretemu anaomba afe, na malaika anamgusa, "Inuka, ule," sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Mkono ule naujua. Hata harufu yake naijua, moshi na mawese.

Baba na kaka zangu walikuwa na sinia lao, sisi na mama letu, ndiyo desturi ilivyokuwa. Lakini kifuniko kilifunuliwa mara moja kwa wote. Na kabla ya kifuniko, baba aliomba. Sala yake ilikuwa fupi, ila alitutaja kwa majina, na kaka yangu aliyekuwa shule ya bweni alitajwa pia, kila usiku, kana kwamba naye yumo chumbani na mikono ameshanawa.

Sasa turudi Korintho. Wale ndugu walikuwa wanakula kweli wanapokutana, chakula cha kushiba, na katika kula huko wakaishiriki Meza ya Bwana. Wenye nafasi walitangulia. Waliotoka kazini kwa mabwana zao walifika wamechoka na kukuta vyombo vitupu. Paulo anasema huyu ana njaa na huyu amelewa. Hawaulizi kama mkate ulikuwa mzuri. Anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu.

Wapendwa, niruhusuni niseme jambo la nyumbani kwetu. Mwezi uliopita jumuiya yetu ilikuwa na chakula cha pamoja. Tunao akina mama wenzetu wanaoanika dagaa kule Kibirizi. Hawawezi kuondoka kabla ya kuanua, kwa maana dagaa wakipigwa na umande mtaji umekwenda. Walifika jua limezama. Walikuta masufuria yamekwanguliwa, tukawapa wali wa chini na mchuzi usio na kitu, na mtu akasema, "Mmechelewa, wapendwa." Wakacheka ili kutuondolea aibu. Wakala. Mwiko siku ile ulikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyesema tuanze, wageni wasichoke.

Tulijua wako wapi. Tulijua wanafanya nini. Dagaa wale wale tuliwala. Tukashindwa kuwangoja saa moja, kisha tukafunga kwa wimbo wa umoja! Ndugu zangu, tusifanye hivi tena. Kama ratiba inabana, ratiba ivunjwe. Kama wageni wana haraka, wapewe chao waende kwa amani, nasi tubaki na njaa yetu mpaka wa mwisho afike. Haya nayasema kwa uchungu kwa sababu ninaowasema ni mimi na ninyi, na kwa sababu yule mama aliyecheka kuliko wote nimeanza kutomwona ibadani.

Na nyumbani kwangu mambo yalianzaje? Nitasema, maana nimeshamwambia Bwana na mume wangu ameniruhusu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa lisivuliwe miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Mume wangu ni mtu wa dagaa. Mapato yakakauka, akachukua bodaboda ya mtu akawa anaendesha jioni mpaka usiku. Mwanzoni nilimngoja. Siku moja tukakosana juu ya ada, maneno makali, na kesho yake nikanunua ile hotpoti. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya kumtunzia chakula kisipoe. Kumbe nilikuwa natafuta namna ya kutokuwepo anapoingia. Ziwa likafunguliwa, dagaa wakarudi, lakini bodaboda hakuiacha na mimi hotpoti sikuiacha. Tangu siku ile mpaka wiki hii, aliyempokea mume wangu usiku ni chombo cha plastiki.

Mkoa mzima tuliweza kumngoja samaki miezi mitatu. Mimi sikuweza kumngoja mwenzangu mpaka saa tatu na nusu.

Kuna neno jingine, na hili ndilo lililonitoa machozi usiku ule wa Jumatatu. Bwana wetu, usiku ule aliotolewa, alishika kikombe akasema hatakunywa tena uzao wa mzabibu, "hata siku ile nitakapokunywa mpya pamoja nanyi katika ufalme wa Baba yangu." Nimeyasoma maneno haya tangu utoto kama maneno ya kuaga. Nilipomwona yule mzee na sahani yake chini ya kawa ndipo nilipoyaelewa. Yesu amefunika kikombe chake! Yuko katika utukufu, meza ni yake, divai ni yake, na hajanywa. Ukimwuliza, Bwana, kwani haikupendezi? atakujibu kama alivyonijibu mama mkwe wangu. Anawangoja wenzake. Anamngoja yule mama wa Kibirizi mwenye harufu ya dagaa kwenye khanga. Anamngoja kijana wako uliyekwisha kumkatia tamaa. Wewe unayesoma haya na umechelewa miaka, umepita kila kituo, umekwama mahali na tuta limeliwa na mvua, usidhani masufuria yamekwanguliwa. Isaya alisema, "BWANA atangoja, ili awaonee huruma." Kikombe bado kimefunikwa, na sababu yake ni wewe. Njoo. Hata kama ni usiku, njoo na vumbi lako la safari. Hatakuambia umechelewa.

Nilitaka kusema pia juu ya Emau na ule mkate uliomegwa, lakini nafasi haitoshi.

Alhamisi niliitoa hotpoti mezani nikaifungia kabatini. Nikachemsha maharage tangu mchana, kwa mkaa. Mama akamenya ndizi kwa kupapasa, macho hayaoni vizuri lakini mikono inajua. Jani la mgomba aliliomba kwa jirani. Watoto nikawaambia leo tunamngoja baba. Mkubwa akaguna, akauliza mpaka saa ngapi, nikamwambia sijui. Akakaa. Baada ya muda akaanza kumuuliza bibi yake habari za Kasulu, na nikagundua kwamba nilikuwa sijasikia sauti ya mwanangu ikisema sentensi tatu mfululizo kwa siku nyingi.

Mume wangu sikumpigia simu. Saa tatu na nusu tukasikia pikipiki. Akaingia, akaenda mezani kama kawaida yake, akakuta patupu. Akageuka ili aniulize, akatuona sote mkekani, mdogo amelala mapajani pa bibi.

"Hamjala?"

Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa ameinama, anamtikisa mtoto bega polepole. "Amka ule. Baba amekuja."

Mume wangu akasimama na kofia yake ya pikipiki mkononi. Kisha akaiweka chini, akanawa, akaketi. Nikamwomba atuombee. Hakuwa ameomba kwa sauti nyumbani kwetu tangu mwaka ule. Akawataja watoto mmoja mmoja, akamtaja mama yake na macho yake, na alipofika kwenye jina langu akanyamaza kitambo, kisha akalitaja.

Mama akafunua chungu.