Maneno ninayoyafuta: siku moja kwenye dawati la uhariri

Saa mbili asubuhi nimeshakaa. Mimi ni mhariri msanifu. Jina langu halitokei gazetini, na kazi yangu ikienda vizuri msomaji hajui kama nipo. Kikao, nukta, mikato, majina yaliyokosewa: hadi saa sita ni hayo tu.

Saa saba ikaingia habari ya kijana aliyefariki. Kichwa: "Ajiua kisa mapenzi." Ndani yake njia imeelezwa hatua kwa hatua, mahali pametajwa, barua aliyoiacha imewekwa neno kwa neno. Nikaanza kufuta.

Mwandishi akaja mezani. "Dada, umeichinja habari yangu. Polisi wenyewe wamethibitisha."

"Mdogo wangu, sijasema ni uongo."

Nikamweleza habari za Vienna. Mwaka 1987 magazeti ya Austria yalikubali kuacha kuandika kwa mbwembwe habari za watu kujiua kwenye treni za chini ya ardhi. Nusu ya pili ya mwaka huo, matukio hayo yalipungua kwa zaidi ya 80%. Treni zilikuwa zilezile. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa waandishi tangu 2000, na bado kila mara naanza upya kuuelezea. Na hilo "kisa mapenzi" linaniuma kuliko yote. Jirani aliyehojiwa amejuaje? Mtu hafiki hapo kwa jambo moja. Halafu kuna msomaji aliyeachwa jana, ambaye tunamwambia hiyo ndiyo njia.

Akanyamaza. Mhariri wa zamu hakunyamaza: wenzetu wameshaiweka mtandaoni, anataka kichwa kinachovuta. Tukavutana. Nikaitwa, nikarudi, nikaitwa tena. Katikati ikapita habari nyingine, "Kichaa azua taharuki", bila daktari wala ndugu aliyesema mtu yule ni mgonjwa. Nikafuta "kichaa". Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Chakula cha mchana hakikuliwa.

Jioni kichwa kikabaki "Familia yaomboleza kijana wao", ukurasa wa ndani, bila picha ya mahali. Barua nikaiondoa. Ikabaki namba ya msaada. Huwa naipiga mwenyewe kabla haijachapwa, kwa sababu atakayeihitaji huenda asijaribu mara ya pili. Tuliyokuwa nayo haikupatikana. Nikatafuta nyingine. Ikaita mara nne, mama mmoja akapokea. Nikajitambulisha, nikamuuliza kama usiku wapo.

"Tupo mpaka asubuhi."

Nikaiandika, nikaisoma tarakimu moja moja, nikaupeleka ukurasa.