Siku moja maishani mwangu: tarehe 9 Julai katika bekari ya Almagro

Saa tisa usiku. Julai hapa Buenos Aires ni baridi kali, na mtaa wetu wa Almagro bado umelala. Fundi mkuu, tunayemwita maestro, ameshawasha tanuri. Ananipokea kwa kibuyu cha mate, chai chungu ya majani ya huku. Nanywa, namrudishia, anajaza maji tena, anakunywa yeye. Hatuongei sana saa hizi.

Tunaanza na medialuna, yaani nusu mwezi. Donge lake limelala kwenye friji tangu jana. Tunalisukuma, tunalaza siagi juu yake, tunalikunja, linarudi friji lipumzike, kisha tunarudia tena na tena. Siagi ikilainika tu, matabaka yanagandana na huna medialuna, una mkate. Mwaka wangu wa kwanza niliharibu masinia mengi kwa sababu ya haraka.

Saa kumi na moja alfajiri zinatoka tanurini. Zile za siagi, nene na tamu, tunazipaka shira zikiwa bado za moto. Mimi ni mtoto wa Tanga: harufu ya shira inanirudisha kwenye kaimati za Ramadhani, jikoni kwa mama. Zile za mafuta ya ng'ombe ni nyembamba, zina chumvichumvi, na nazipenda zaidi kwa chai.

Saa moja asubuhi foleni imefika nje. Vitamu hivi vyote huitwa facturas, na watu hununua kwa dazeni, mchanganyiko. “Vigilante nne, cañoncito nne, bola de fraile nne.” Vigilante ni askari polisi. Cañoncito ni mzinga mdogo, umejazwa dulce de leche, maziwa na sukari vilivyochemshwa hadi vikawa vizito na vya kahawia. Bola de fraile ni mpira wa mtawa wa kiume. Kuna hata suspiro de monja, pumzi ya mtawa wa kike. Mwaka 1887 waokaji wa mji huu waliunda chama chao, wakisaidiwa na wanaharakati wawili wa Kiitalia, Ettore Mattei na Errico Malatesta, na mwaka uliofuata wakagoma. Inasimuliwa kwamba majina haya ni vijembe vyao kwa polisi, jeshi na kanisa. Walikuwa watu wa usiku kama mimi, wenye unga hadi kwenye nyusi. Kila mteja anapoagiza, nawakumbuka.

Saa tatu tunageukia empanada, sambusa ya huku, na leo ndiyo siku yake. Tarehe 9 Julai 1816 uhuru wa Argentina ulitangazwa mjini Tucumán, na maestro ni mtu wa Tucumán. Mashine ya kusagia nyama leo haiguswi: nyama yote tuliikata kwa kisu jana, tukaipika na vitunguu na binzari nyembamba, ikalala kwenye baridi. Mafuta yake yameganda, kwa hiyo inajazwa kwa urahisi, na tanurini yanayeyuka kuwa mchuzi.

Kisha repulgue, msokoto wa ukingoni. Kila aina ina msokoto wake, muuzaji ajue ya nyama, ya kuku na ya mahindi bila kuipasua. Sambusa ya mama ilifungwa kwa uji wa unga. Hii hufungwa kwa vidole peke yake: unavuta, unakunja, unabana. Ya Tucumán inataka mikunjo 13. Kwa miezi mingi yangu ilifunguka motoni, mchuzi ukaungua kwenye sinia.

Saa sita hadi saa nane sikumbuki kitu ila masinia yakiingia na kutoka.

Saa nane unusu, mlango umefungwa. Maestro anachukua empanada moja kwenye sinia langu. Anapitisha kidole ukingoni, midomo ikihesabu. Kisha anatanua miguu, anainama mbele kama wanavyokula kwao, anauma. Mchuzi unadondoka sakafuni. Anavuta boksi, anapanga kumi na mbili kutoka sinia lilelile, analifunga kwa uzi, na kwenda nalo nyumbani kwake.