Mtoto wa kaka yangu ni kiziwi kama mimi

Jumapili, usiku

Majibu ya hospitali yametoka. Binti wa kaka yangu, ambaye hajafikisha miaka miwili, hasikii. Kaka amenitumia picha ya chati yenye mistari inayoporomoka, na chini yake swali: "Dada, nifanye nini?" Nimeshinda nikimjibu vipande vipande, na bado nina mengi moyoni.

Chati hiyo naijua. Yangu ilichorwa baada ya homa ya uti wa mgongo, nikiwa mtoto wa shule. Inapima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, basi. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme wa neva. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Kaka ameuliza kuhusu kifaa cha kupandikizwa, kile kinachozipita chembe hizo na kuisisimua neva moja kwa moja. Sijamkataza. Ninao marafiki wanaoongea na simu kwa msaada wake, na wengine walivua sehemu yake ya nje wakaiweka kabatini. Nililomsisitizia ni kwamba ubongo wa mtoto una njaa ya lugha sasa hivi, iingie kwa sikio au kwa macho. Asingoje upasuaji ndipo aanze kuzungumza na mwanawe. Mikono anayo.

Kinachoninyima usingizi ni swali jingine: atakua na nani? Viziwi wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia. Watu wengine huipata lugha yao mgongoni mwa mama. Sisi tunaipokezana watoto kwa watoto. Mimi niliipata bwenini, kwenye shule ya viziwi. Taa zikizimwa tulijazana dirishani, kwenye mwanga wa taa ya mlinzi, na umeme ukipotea mwenzako alikushika mkono akakuandikia ishara kiganjani, polepole, ukisoma kwa ngozi. Hakuna mwalimu aliyetufunza hayo. Ni wasichana wakubwa. Walitufunza pia kukanyaga sakafu kwa nguvu ili mtu ageuke, kumwambia mwenzio wazi kwamba amenenepa bila yeye kununa, na kuagana kwa saa nzima langoni.

Ndiyo maana nasitasita ninaposikia elimu jumuishi ikisifiwa. Mtoto mmoja kiziwi kati ya hamsini wanaosikia, bila mkalimani, amejumuishwa na nani? Bweni nalo lina uchungu wake, nililia mwezi mzima. Hata hivyo, huko ndiko nilikopata watu wangu.

Na hatukupewa haya bure. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana kwenye kongamano la kimataifa huko Milan, Italia, karibu wote wakiwa wanaosikia, wakapitisha kwamba watoto wafundishwe kwa kutamka, si kwa ishara. Walimu viziwi wakapoteza kazi nchi kwa nchi. Hata hapa Kenya, wazee wetu wanasimulia walivyochapwa viganja kwa kuonekana wakiongea kwa mikono. Julai 2010, huko Vancouver, Kanada, kongamano lilelile liliyakataa maazimio hayo na kuyajutia. Mwezi uliofuata Kenya ikazindua Katiba mpya, na Kifungu cha 120 kikataja lugha rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mtoto huyu amezaliwa na lugha iliyomo kwenye Katiba. Nataka kaka alijue hilo kabla hajaambiwa na yeyote kwamba binti yake amepungukiwa.

Nimemwambia amlete Jumapili ijayo, baada ya ibada yetu ya viziwi. Aje na wifi, na mama pia, waanze kujifunza pamoja. Kaka alishaanza kumtungia jina la ishara, yaani ishara ya kumtambulisha yeye peke yake. Nimemwomba aache. Jina hilo hutolewa na viziwi, na tukimpa, tutakuwa tumemtazama kwanza: anavyocheka, anavyokunja uso, anavyoshika vitu. Huenda ikachukua miezi.