Plagi, mwanya 0.7

Leo gari limeacha kumisi, yaani injini kurukaruka bila kuwaka sawasawa. Ngoja nipumue kwanza.

Tangu lifungwe turbo, mwendo wa taratibu halikuwa na neno. Shida ukilikanyaga: turbo ikianza kusukuma hewa, linakohoa, linakatakata, nguvu inapotea. Kila fundi na lake. Koili! Pampu! Nozeli!

Leo nimefungua plagi, nikapitisha fila geji, kile kipimo cha mwanya wa kuruka cheche. Zote 1.1 mm, mwanya uleule wa kabla ya turbo.

Sasa hewa ikishashindiliwa ndani ya silinda, umeme unahitaji volti nyingi zaidi kuruka mwanya huo. Koili, inayotoa volti hizo, ikizidiwa, cheche hakuna.

Nikazibana hadi 0.7. Polepole mno, nikigusa ule mguu wa pembeni tu. Ncha ya katikati ni ya iridiamu, nyembamba kama sindano, ukiiegemea imekwenda. Jasho lililonitoka hapo halikunitoka hata siku ya kufunga turbo yenyewe.

Nikalikanyaga mpaka mwisho.

Limevuta moja kwa moja, halikohoi, na mimi ndani nacheka peke yangu kama nimepagawa 😂

Wenye turbo, nyinyi mnaweka ngapi? Kuna aliyeshuka chini ya 0.6 na gari bado linanguruma vizuri likiwa limesimama?