Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi

Juzi mshkaji wangu wa Mbezi kanipigia, kuna mzee anataka kumuuzia Winchester ya leva ya zamani na karatasi zake zote ziko sawa, sasa anauliza hivi hizi bunduki za leva, zile unazopakia kwa kusukuma mkono wa chuma chini ya kifyatulio, si zinatawanya risasi? Nikamwambia hilo swali sio la kujibu kwenye simu, nitaandika, maana mi mwenyewe nilishawahi kuamini hivyohivyo na karibu niiache bunduki nzuri ikaoze.

Ya kwangu ni Winchester 94, inapiga risasi aina ya thelathini-thelathini (.30-30), ilikua ya baba mkubwa. Aliinunua Kilosa zamani sana kwa msimamizi mmoja wa shamba la mkonge, enzi hizo nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi usiku mmoja asubuhi unakuta magunzi tu. Alipofariki tukaikabidhi polisi, ikakaa huko mpaka nikapata kibali cha kuimiliki mimi. Siku ya kwanza naipeleka uwanja wa shabaha, mita 100, nimelaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga risasi tano na zile tundu zikaenea upana wa sahani ya wali. Jamaa mmoja pale akaniambia hiyo peleka makumbusho. Iliniuma, kwa sababu baba mkubwa namjua, yule mzee hakua mtu wa kukosa.

Sasa ngoja nieleze shida ilikua wapi, na hapa ndo naomba usome taratibu. Ukiangalia Winchester 94 nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa, imefungwa, huwezi kupitisha fimbo ya kusafishia toka nyuma mpaka ufungue mtambo karibu wote, na nani ana muda huo? Kwa hiyo watu miaka yote wanasafishia mbele, fimbo inaingilia mdomo wa mtutu, na mara nyingi ni fimbo ya chuma, ina vumbi na mchanga, inasugua upande mmoja tu kila siku, miaka kumi, ishirini, arobaini. Ndani ya mtutu kuna ile mifereji inayoizungusha risasi, kwenye thelathini-thelathini ni mzunguko mmoja kila inchi 12, na mahali pa mwisho kabisa risasi inapoguswa na mtutu ni pale mdomoni. Kama pale pamelika upande mmoja, gesi inatoka upande ule kwanza, inaisukuma risasi mkiani na risasi inaondoka ikiwa imeshayumba. Mtutu mzima unaweza kua mzuri ukaharibiwa na ukingo mwembamba usiofika hata unene wa shilingi.

Kupima ni rahisi, ila kwanza hakikisha haina risasi hata moja, na kwenye leva usiangalie chemba tu, lile bomba la chini ya mtutu nalo linaficha risasi. Halafu chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mdomo. Mi nilipofanya hivyo, upande wa juu pamba ilipita laini kabisa, nilipofika chini kulia nyuzi zikanasa zikabaki zimening'inia pale kama utando wa buibui. Nikairudia mara tatu, mahali palepale. Nikaipeleka kwa fundi mwenye leseni, akaukata upya ule mdomo, katoa kipande chembamba sana, nikarudi uwanjani na risasi za pakiti ileile. Sahani ya wali ikawa ndogo kuliko kisosi cha chai, inchi tatu na kidogo. Kwa bunduki ya umri ule yenye saiti za chuma, hiyo ni shabaha safi.

(Wenye Marlin 336, leva nyingine, mnayo bahati, nyinyi mnafungua skrubu moja, leva inatoka, bolti (chuma kinachofunga chemba) inatoka, mnasafishia nyuma kama watu wa bunduki za bolti, zile za kuvuta komeo kwa mkono. Sababu hiyo peke yake mi naihesabu kuliko sifa zote za majina.)

Ila kisosi chenyewe bado kilikua kinanisumbua, kwa sababu risasi ya kwanza na ya pili zilikaa pamoja, ya tatu ikapanda, ya nne ikapanda zaidi. Hapa ndo watu wengi wanaihukumu leva kwa makosa. Lile bomba la risasi limefungwa kwenye mtutu kwa pete za chuma, na ule mti wa mbele unaoushika kwa mkono nao umebanwa humo humo, mtutu ukipata moto unataka kurefuka na umefungwa, basi unajipinda kidogo na risasi zinahama. Na hapa Dar ongeza masika, hewa ya chumvi, mti unavimba unausukuma mtutu pembeni. Bunduki ya bolti yenye mtutu usioguswa na kitu haina taabu hiyo, na sibishani na mtu kuhusu hilo.

Lakini jamani, porini unapiga risasi ngapi mfululizo? Mnyama anakupa moja. Na hiyo moja inatoka mtutu ukiwa baridi.

Kwenye sanduku la baba mkubwa nilikuta karatasi moja ya shabaha imekunjwa mara nne, imekua ya kahawia. Ina tundu tisa, na pembeni ya kila tundu kaandika tarehe kwa penseli, kila tundu siku yake. Alikua anapiga risasi moja tu asubuhi, anafuta bunduki, anairudisha, mpaka siku nyingine. Zote tisa unazifunika kwa kiganja. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Shangazi akanikumbusha kwamba mwaka mmoja alijeruhi tohe akamfuata siku mbili akamkuta fisi wameshamaliza, na toka hapo hakupiga tena kitu ambacho hana uhakika nacho.

Umbali nao usijidanganye. Kwa sababu risasi zinapangana kwenye bomba, kichwa cha hii kinagusa fataki (kile kitufe cha nyuma kinachowasha baruti) ya ile ya mbele, ndo maana vichwa vya thelathini-thelathini ni bapa, chenye ncha kinaweza kulipua humo ndani. Na kichwa bapa kinachoka haraka hewani, ukiiseti mita 100 basi ikifika 200 imeshashuka karibu shibiri nzima. Mi mwisho wangu ni mita 120. Ile Winchester 1895 ndo tofauti, ina magazini ya kisanduku, na Roosevelt, aliyewahi kua rais wa Marekani, alikuja nayo huku Afrika Mashariki mwaka 1909 kwa ajili ya simba, lakini hiyo ilikua ya risasi za .405, mnyama mwingine kabisa.

Darubini pia, 94 za zamani zinatupa ganda juu, kwa hiyo darubini haikai pale juu, mpaka miaka ya 80 ndo wakabadilisha ganda litoke pembeni. Unabaki na saiti ya nyuma yenye pembe kama za ng'ombe, na macho yako. Nusu ya kutawanya kunakolaumiwa mtutu ni macho.

Na ile habari ya "kabla ya 1964" ambayo wauzaji wanaipandishia bei, ni kweli mwaka huo Winchester walibadilisha utengenezaji kupunguza gharama na za kabla yake mtambo wake ni laini zaidi, ila haikuambii chochote kuhusu shabaha. Ya 1950 iliyosafishwa vibaya itashindwa na ya 1970 iliyotunzwa.

Kwa hiyo kaka yangu wa Mbezi, nenda na kijiti cha pamba kabla hujatoa hela, na umwombe mzee mkapige risasi moja uwanjani Jumamosi hii, moja tena Jumamosi ijayo.

Yangu nimeshaanzishia karatasi yake, kila tundu na tarehe yake kama ya baba mkubwa. Zipo sita. Tano zimekaa vizuri, moja imekimbilia kulia, tarehe yake ni asubuhi baada ya ile mvua ya siku tatu, na jana nikapitisha kipande cha karatasi kati ya mti na mtutu, kulia kikapita, kushoto kikagoma.